Mjane Aliyecheza Mchawi

Nafundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Likasi, na mchezo wa kuigiza nimewahi kuandika mmoja tu. Niliuandika mwaka ambao homa ya matumbo ilipita Panda, sehemu moja ya mji wetu, na mwanafunzi wangu mmoja akahama mtaa pamoja na bibi yake, kwa sababu majirani walidai kikongwe huyo anakula watoto. Nilikasirika. Nikaamua kuwaonyesha watu, katika ukumbi wa parokia, namna ugonjwa unavyoingia kwa maji.

Hadithi ilikuwa fupi. Mtoto anakufa, baba yake anamshika jirani mzee na kumwita mulozi, yaani mchawi, kisha daktari anakuja na karatasi ya maabara, anaeleza habari ya kisima, na wote wanaelewa. Daktari nilikuwa mimi. Baba aliigizwa na dereva wa lori la mgodi wa Kakanda, mwanakwaya mwenye sauti nzito. Mchawi aliigizwa na mjane anayekaanga na kuuza samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mcheshi.

Siku moja ya mazoezi dereva aliniita pembeni.

"Madame, hii maneno ya docteur iko ya kweli," alisema, "lakini haifike ku roho. Minye nilizikaka mutoto. Ile siku, kama mutu angeniletea karatasi, ningeipasula."

Nilimjibu kwamba ukweli umo katika karatasi ile. Akarudi kwenye mazoezi.

Jumapili ya mchezo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Dereva alipofika penye kilio, aliacha maneno niliyomwandikia. Alimwita kwa jina mtoto wake mwenyewe, yule aliyemzika. Kisha akamgeukia mjane, akamshika bega. "Weye, umurudishe."

Watu wakasimama. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akamrushia mjane kiatu, wengine wakataka atolewe nje. Niliingia na karatasi yangu, nikasoma kwa sauti ya darasani, na hakuna aliyesikia hata neno. Mjane alinitazama. Nikaona haigizi tena, anaogopa.

Niliweka karatasi chini, nikaketi sakafuni karibu na dereva, nikamwambia, "Pole, baba." Alilia, nami nikalia, ingawa sikukusudia. Ukumbi ulitulia polepole. Ndipo nikaweza kueleza habari ya kisima, kwa sentensi tatu, bila kusoma.

Nilidhani yamekwisha. Jumatano nilipopita sokoni, saa za mchana, meza ya mjane ilikuwa bado imejaa samaki.

"Batu banapita tu," alisema. "Banajua ilikuwa mchezo, Madame. Ku kichwa banajua. Lakini samaki ya mulozi, nani atakula?"

Niliona haya, maana mimi ndiye niliyempa nafasi ile. Jioni hiyo nilimweleza dereva. Alisikiliza, akauliza tu mjane anafungua meza saa ngapi.

Jumamosi nilikuwa pale mezani alipokuja na mke wake na watoto wao wawili waliobaki. Aliomba samaki wa kukaanga, wakala palepale wakiwa wamesimama, bila kumhutubia mtu. Nami nikala. Mke wake ndiye aliyewageukia wanawake wa meza za jirani na kusema samaki iko muzuri, ila imepungukiwa chumvi kidogo. Mjane akamletea chumvi. Baada ya hapo wateja walianza kurudi mmoja mmoja. Wengine hawakurudi kabisa, na hadi leo wanapitia upande wa pili.

Mwaka uliofuata parokia ilituomba tucheze tena. Mjane alikataa nafasi ya mchawi.

"Ile uicheze weye, Madame. Minye nitacheza docteur."

Nilikubali. Aliingia jukwaani amevaa koti langu jeupe, lililomfika karibu na vifundo vya miguu, na kabla ya kusema lolote kuhusu maji, alimuuliza baba wa mtoto kama amekula.