Kabati la Kukaushia Nguo la Fundi Hatibu

Juni na Julai, ukungu ukikaa Mbulu, shuka lililofuliwa Jumatatu linaweza kufika Ijumaa likiwa bado bichi kwenye kamba. Sada binti Hamis aliishi na ukungu huo tangu alipoletwa kutoka Kondoa akiwa bibi harusi, na hakuwahi kuuzoea. Mumewe, Hatibu, alikuwa fundi bati karibu na soko. Koroboi, ndoo na mifereji ya mvua ya nusu ya mji ilitoka mikononi mwake.

Mwaka aliozaliwa Shumbana, mtoto wao wa pekee, nepi zilikataa kukauka. Hatibu akaacha kazi za watu kwa siku tatu, akaunda kabati la bati refu kama mtu. Ndani alipitisha nyaya za kutundikia nguo. Chini aliweka sinia la mkaa, na juu ya sinia akalaza bati lenye vitundu vidogo ili joto lipite na cheche zibaki. Majirani walicheka, wakamuuliza Sada kama nguo zake zinaliwa na ugali. Haikupita wiki mbili wakaanza kuja na mashuka yao wenyewe.

Hayo yalikuwa kabla ya vita vya Wajerumani vya pili. Kufika mwaka 1954, Shumbana alikuwa ameolewa Singida, na Hatibu alikuwa kitandani kwa miezi minane. Alianguka kazini kwake asubuhi moja, akapooza upande wa kulia. Ulimi ulirudi nusu, mkono haukurudi. Mkojo ulikuwa unamtoka bila yeye kujua. Kila siku Sada alifua mashuka mawili, siku nyingine matatu, na nyumba nzima ilikuwa na mashuka manne. Mgongoni mwa mgonjwa ngozi ilikuwa imeanza kufunguka. Kumlaza kwenye unyevu ilikuwa ni kumaliza kazi ambayo ugonjwa uliianza.

Basi mwezi wa Juni ulipoingia, Sada akaona shuka limetoka kabatini na matundu meusi, kama limepigwa na mbegu za moto. Maji ya nguo yalikuwa yakidondoka miaka yote juu ya lile bati la vitundu, na sasa kutu ilikuwa imelitafuna. Akamwita Joakimu, mtu wa Tumati, aliyejifunza ufundi kwa Hatibu miaka sita na sasa alikuwa na karakana yake njia ya misheni.

Joakimu alisalimia mlangoni, "Shikamoo mama," kisha akaingia chumbani kumpa shikamoo fundi wake. Alipotoka alipiga magoti mbele ya kabati, akabonyeza bati kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Mama, hapa hakuna pa kupigia msumari wa ribiti," alisema kwa sauti ya chini. "Nikitoboa moja, zinafunguka tatu. Hata kuta zimeisha. Hili liache, tutengeneze lingine."

Sauti ikatoka chumbani, nzito, neno moja moja. "Joakimu. Usi... usitengeneze lingine. Ziba."

"Fundi, bati limekwisha."

"Ziba. Kata debe. Lehemu usi... usiweke, itayeyuka. Ribiti. Mama Shumbana, nipe mto, nikae."

Sada alisimama kati ya mlango na kabati. Alijua Joakimu anasema kweli, maana yeye ndiye aliyekuwa akilisugua kabati lile kila wiki. Lakini kwa miezi minane mumewe hakuwa ameamrisha jambo lolote, wala kuomba akalishwe, na leo anataka kukaa.

"Ziba," akasema.

Ilichukua asubuhi nzima. Hatibu aliuliza kila hatua kutoka kitandani, akakosoa, mara moja akatukana. Mchana alikula bakuli zima la uji wa mtama. Sada alipomfuta mdomo alihisi furaha, akaiogopa.

Siku ya nne alikuwa chumbani akimgeuza mgonjwa upande, mara harufu ya kuungua ikaingia. Alipofika kwenye kabati, kiraka kilikuwa kimeng'oka pamoja na kutu iliyokizunguka, kikaangukia mkaa. Mashuka mawili na blanketi vilikuwa vinawaka. Alivuta kwa mikono, akamwaga maji, akaungua kiganja. Hakuokoa kitu.

"Kimeungua nini?" Hatibu aliuliza.

"Kitambaa cha jikoni."

Mzee akageuza uso ukutani. Siku hiyo alilala juu ya kanga na gunia.

Kesho yake Sada alibeba kikapu hadi kwa Joakimu. Ndani mlikuwa na mkasi wa bati, nyundo tatu na patasi.

"Fuawe ya kugongea bati ni nzito, utaifuata mwenyewe," alisema. "Nitengenezee kabati jipya."

Joakimu hakugusa kikapu. "Mama, vifaa vya fundi nitavichukuaje naye yuko hai?"

"Yuko hai na analala kwenye maji. Unataka nikupe nini kingine?"

Joakimu alipiga hesabu. Alikuwa na watoto watano na bati alilonunua kwa shida. Akachukua kikapu.

Kabati jipya lilifika Jumamosi, Hatibu akiwa amesinzia. Lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Sada alipofunga mlango wake, bati likalia kwa ukali, na mzee akafumbua macho.

"Hilo la nani?"

"Letu."

"Letu halilii hivyo." Kisha, "Mkasi wangu uko wapi?"

Sada alikunja pembe ya shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Vizuri," alisema Hatibu.

Angemtukana, Sada angepumua. Tangu siku hiyo Hatibu hakuagiza kitu. Waliokuja kumjulia hali aliwatazama tu. Mashuka yalikuwa makavu kila siku, lakini vidonda havikusikia. Vilishuka hadi kiunoni, na dawa ya hospitali ikawa ya kuondoa harufu tu. Septemba jua likarudi, nguo zikawa zinakauka uani kabla ya adhuhuri. Hatibu akafariki wiki ya kwanza ya Oktoba, siku ya Alhamisi, mkewe akiwa ameenda kuchota maji.

Shumbana alifika siku mbili baada ya mazishi, miguu imevimba kwa safari. Alipomaliza kulia alimuuliza mama yake kama baba aliacha neno lolote.

"Hakuacha," Sada alisema, akainuka kuwapokea wanawake waliokuwa wanaingia na vyungu vya uji.