Vinundu vya Sandali za Wayua

Matheka hakuwa mtu wa kuona kinundu akakiacha. Mkaribishe kwako, mpe kiti cha mbao, na kabla chai haijapoa kidole gumba chake kitakuwa kimeshapata pale fundi wako alipofanya uvivu. Atakuuliza una msasa. Ukisema huna, atautoa mfukoni.

Tabia hiyo aliipata kwa Magan, mwenye duka la vinyago mjini. Miaka kumi na tisa Matheka alimpelekea twiga, vifaru na wazee wenye fimbo, na miaka yote hiyo Magan hakujali sura ya kinyago hata kimoja. Alifumba macho, akapitisha kidole gumba. Kikikwama mahali, kazi inarudi Jericho, mtaani kwa Matheka. Kisha alikisimamisha juu ya kioo cha meza, na kikiyumba kinarudi vilevile. Ndiyo maana wazee wote wa Matheka walikuwa na nyayo bapa kama pasi.

Mke wake, Wayua, alikuwa mpishi wa uji katika shule ya chekechea ya kanisa, hapo hapo mtaani. Watoto mia mbili, sufuria mbili, sakafu ya saruji, na miguuni viatu vya plastiki vyembamba kama ganda la yai. Alisimama hivyo miaka minane bila neno. Mwaka wa themanini na mbili kisigino cha kushoto kikaanza. Hatua ya kwanza ya asubuhi, kutoka kitandani, ilikuwa kama kukanyaga msumari. Akitembea kidogo maumivu yanapungua, naye anajidanganya yamekwisha. Saa sita mchana yamerudi, tena na ndugu zake.

Kufikia mwisho wa muhula alikuwa anakoroga uji akiwa ameketi juu ya kreti ya soda, huku Anyango, msaidizi wake, akifanya kazi zote za kusimama. Mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Mama Ndindi, shule ikifungua nahitaji mpishi anayesimama. Ukishindwa, Anyango atashika mwiko, nawe upumzike nyumbani."

Kupumzika! Neno tamu sana hilo likitoka kwa mtu anayekufukuza. Twiga wa Matheka waliuzwa siku watalii walipojisikia kununua. Unga wa nyumba ile, na karo ya binti yao Ndindi huko bweni, vilitoka kwenye ule mwiko.

Basi Wayua akaenda zahanati. Sista Teresiah, muuguzi, alimvua viatu, akavitazama kwa dharau, akavipinda mara mbili kwa mkono mmoja. "Hivi ni vya kuogea," akasema. Halafu akafungua sanduku lililoletwa na watawa kutoka ng'ambo, akatoa sandali pana zisizo na urembo wowote, kitako chake cha koki, ile ile ya vizibo vya chupa. Kitako hicho hakikuwa bapa. Nyuma kilikuwa na shimo la kukalia kisigino, katikati kimeinuka kama mgongo wa kobe, na mbele kina kinundu kidogo chini ya vidole. Alimvalisha, akahakikisha vidole vina nafasi ya kutanuka, akafunga vifungo bila kubana.

"Wayo wako umechoka, unalala ukisimama. Hiki kinundu cha katikati ndicho kitaubeba," Sista akamwambia. "Siku za kwanza utakichukia. Leo vaa saa moja, kesho mbili, mpaka mguu uzoee. Na uzitunze, hii ndiyo jozi ya mwisho ya saizi yako."

Wayua hakusimulia lolote nyumbani. Angesema nini? Katika nyumba ile mguu haukuwa habari ya kuzungumza mpaka ukatike. Ila jioni ya tatu alijitupa kitini, akanyoosha miguu, akasema tu kama mtu yeyote aliyechoka, "Ai, vinundu hivi vitaniua!"

Yeye alikuwa analalamika. Matheka alisikia kazi.

Jumamosi Wayua alikwenda mkutano wa akina mama kanisani, na kanisani ana viatu vyake. Mlango ulipofungwa tu, Matheka akachukua zile sandali. Akapitisha kidole gumba, kikakwama mara tatu. Akatikisa kichwa. Kumbe Wazungu nao huleta kazi ambayo haijaisha! Akabandua ngozi ya juu taratibu, akashika tupa, akasawazisha mgongo wa kobe na kile kinundu cha vidole, akamalizia kwa msasa. Shimo la kisigino alipunguza kingo zake. Akarudisha ngozi kwa gundi. Saa kumi sandali zilikuwa bapa, nzuri, za kupita mkononi mwa Magan bila swali. Akaziweka mlangoni zikitazama ndani. Alifurahi, tusimnyime haki yake, alifurahi kama mtoto.

Wayua aliingia, akavua viatu vya kanisani, akatia miguu. Akasimama. Akatoa mguu, akautia tena.

"Baba Ndindi, umefanya nini?"

"Nimekuondolea vile vinundu. Si ulisema vitakuua?"

Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliketi kitandani akamweleza yote aliyoambiwa na Sista, neno kwa neno, na alipofika kwenye jozi ya mwisho akaanza kulia, machozi yakimtiririka wala asiyafute. Matheka hakuwa amemwona akilia tangu walipomzika mama yake Wayua.

"Shule inafungua Jumatano," Wayua akasema.

Matheka aliona aibu. Alitaka kujitetea, kwamba mbona hakuambiwa. Akakumbuka kwamba mwaka mzima alimwona mke wake akishika ukuta kila asubuhi, na siku hata moja hakuuliza kwa nini.

Sasa, mchonga vinyago hatupi unga wa mti. Kinyago kikipata ufa, unachanganya unga wa mti ule ule na gundi, unaziba, unapiga msasa, na mnunuzi hatajua hadi kufa kwake. Matheka alikuwa na mikebe ya mafuta ya kupikia imepangwa chini ya kitanda, mmoja wa mpingo, mmoja wa muhugu, mmoja wa jakaranda. Na ule unga wa koki, kwa mazoea tu, alikuwa ameufagia akautia kwenye mkebe wake peke yake.

Jumapili baada ya ibada alibandua ngozi, akachanganya unga na gundi mpaka ukawa kama sima iliyolegea, akaujaza katikati ya sandali, chini ya vidole na kwenye kingo za kisigino, akafunika kwa karatasi ya nailoni. "Kanyaga hapa, Mama Ndindi." Wayua akakanyaga. Mchanganyiko wote ukalala, bapa kama jana baada ya msasa.

Matheka akakuna kichwa. Kisha akamwomba aketi. Akapiga magoti sakafuni, akashika mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba chini ya wayo kama apitishavyo kwenye mti.

Kidole kikazama. Kulikuwa na uwazi pale.

"Simama," akasema, mkono ukiwa bado chini. Uwazi ukatoweka, na Wayua akauma meno. "Keti." Ukarudi. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na maelfu ya nyayo alizochonga, na hilo hakulijua.

"Pole, Mama Ndindi," akasema.

Basi akaujaza upya ule mchanganyiko Wayua akiwa ameketi, akiubonyeza kwa kidole hadi ukagusa wayo kila mahali, haumchomi wala hauachi nafasi. Siku mbili sandali zililala juani, naye akizilinda dhidi ya kuku wa jirani.

Jumatano Matheka hakuchonga. Alikaa kizingitini tangu saa saba, mikono mitupu, akitazama kona ya nyumba. Saa tisa Wayua akatokea. Alikuja polepole, amechoka, lakini visigino vyote viwili vilikuwa vinakanyaga chini.

"Sufuria zote mbili," akasema. "Nikiwa nimesimama."

Akavua sandali, akampa azitie ndani. "Na usiziguse."

Mwezi uliofuata Matheka alipeleka kwa Magan kinyago cha mwanamke mwenye mwiko. Magan akafumba macho, akapitisha kidole gumba begani, mgongoni, miguuni. Chini ya wayo kikazama.

"Hapa umeacha shimo, Matheka. Nenda ukasawazishe."

"Hilo halisawazishwi," Matheka akasema. Akakifunga kinyago chake kwenye gazeti, akarudi nacho Jericho.