Wageni Niliowalisha Kwenye Yoti

Naandika haya huku uso ukiwa bado unawaka. Jumamosi nilimsaidia shangazi, aliyepata kazi yake ya kwanza ya kuandaa vyakula vya harusi kwenye yoti, boti ya kifahari ya kukodi, huku pwani karibu na Houston. Alipokwenda kununua barafu aliniambia, "Wageni wakifika, wakaribishe. Usisimame tu hapo kama friji, mama."

Wakapanda Wazungu wanne wenye kofia nyeupe, wakaisifu yoti. Mimi, bingwa wa kutazama viatu vyangu, sikuwauliza hata majina. Nyumbani kwetu Stafford, mji jirani na Houston, mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, basi nikaihamishia adabu hiyo majini. Mmoja akaanza kusema kitu, nikamkatiza kwa sahani. Niliwapa kuku, jibini, hata keki yenye jina la bibi harusi. Walikula bila haya. Mwingine nikamfungia mapaja mawili ya kuku ampelekee mkewe.

Shangazi akarudi na barafu, nyuma yake bibi harusi na watu wake wote.

"Hawa ni nani?" shangazi akaniuliza.

Mzee mmoja kati ya wale wanne akafuta midomo, akasema kwa upole, "Sisi ni wa boti ya jirani. Tulikuja kuazima bisibisi."