Nzioka na Mkalimani wa Kitabuni

Kitabu cha mkewe kilipotoka, Nzioka ndiye aliyekuwa wa kwanza kukitangaza. Aliweka nakala moja juu ya kaunta ya duka lake la kufuli na bawaba pale River Road, akaisimamisha kando ya mashine ya kukatia funguo, na kila aliyeingia kununua komeo aliambiwa, hata kama hakuuliza, kwamba huyo Kanyiva aliyeandikwa kwenye jalada ni mama wa nyumbani kwake. Wengine walifungua ukurasa wa kwanza wakisubiri funguo zao. Wawili watatu walirudi kuuliza kinauzwa wapi.

Kiliitwa Ushahidi wa Mpishi. Kanyiva alikuwa karani katika ofisi ya wakili Gichuru mjini. Kwa miaka mingi alikuwa amechapa hati za viapo na kukimbiza karatasi mahakamani, na saa ya chakula, wenzake wakishuka kwenda kula, yeye alibaki mezani akiandika hadithi. Ilikuwa hadithi ya mpishi wa nyumba ya tajiri anayeshtakiwa kwamba amemtilia bosi wake sumu, na wakili mwanamke anayemtetea bila shahidi hata mmoja. Nzioka alijua mkewe anaandika. Anaandika nini, hakuwahi kuuliza. Yeye si mtu wa vitabu. Gazeti la Jumapili akilifikisha kwenye kurasa za michezo anakuwa ametosheka.

Maoni ya wasomaji yakaanza kuingia. Kulikuwa na kundi la Facebook la wapenzi wa riwaya za Kiswahili, na jioni, nyumbani kwao Uthiru, Kanyiva alimsomea mumewe yaliyoandikwa humo huku chai ikichemka. Mtu wa Nakuru alisema alikosa usingizi mpaka alipomjua mtia sumu. Mwingine alijigamba kwamba alimjua tangu sura ya tatu, akaandika insha nzima kuthibitisha. Mwalimu mmoja mstaafu alilalamika kuwa sura za kortini ni ndefu mno, mawakili wanaongea kama watu waliofungiwa mdomo mwaka mzima. Kanyiva alicheka, Nzioka naye akacheka, na kesho yake akawasimulia majirani wa dukani.

Halafu wasomaji wakaanza kumtaja Musembi.

Katika hadithi hiyo Musembi ni mkalimani wa mahakama. Kazi yake ni kusimama kando ya kizimba na kugeuza Kikamba cha mpishi kiwe Kiswahili cha hakimu. Ni mtu mwembamba, wa maneno machache, na kwa kuwa amezoea kusikiliza kila neno, yeye ndiye anayegundua kwamba mpishi anamficha mtu. Wakati huohuo, polepole, anampenda yule wakili mwanamke, bila kumwambia.

"Jamani, watu kama Musembi wanapatikana wapi?" aliuliza mama mmoja wa Thika. Wa pili akaandika, "Mzee wangu angenisikiliza nusu ya hivyo, ningemwoa mimi mwenyewe." Na wa tatu: "Kanyiva, sema ukweli. Mtu kama huyu habuniwi. Huyu unamjua." Chini ya maneno hayo watu walikuwa wamemwaga mioyo myekundu.

Hilo la mwisho Kanyiva hakumsomea mumewe. Nzioka alilikuta mwenyewe kwenye simu, akiwa dukani.

Akachukua kile kitabu cha kwenye kaunta, akakaa kwenye stuli, akaanza kumtafuta Musembi. Mpishi hakumsoma, hakimu hakumsoma. Aliruka kurasa akisimama penye jina lile tu, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Akafika mahali ambapo kiatu cha wakili kinavunjika kisigino kwenye ngazi za mahakama, watu wakipita wakimtazama. Musembi anainama, anavichukua viatu vyote viwili, anavikumbatia kama faili la kesi na kuvipeleka kwa fundi, naye wakili anabaki kwenye benchi akimngoja, miguu mitupu.

Nzioka akakifunga kitabu. Alikumbuka jioni moja mkewe alirudi nyumbani na malapa ya plastiki, viatu vimo kwenye mfuko. Alisema kisigino kimevunjika. Yeye akamwambia pole, akaendelea kutazama mpira.

"Hata wangu anamwimba huyo Musembi," alisema Mbugua, mwenye duka la uchapaji la mlango wa pili, aliyekuja kuazima ngazi. "Juzi nikamkatiza maneno, akaniambia Musembi hawezi kufanya hivyo. Nikamwambia basi akaolewe na yeye."

Nzioka hakucheka.

"Lakini yako ni ngumu, boss," Mbugua akaendelea. "Wangu anamsoma tu. Wako ndiye amemtengeneza. Na hapa River Road hakuna mtu anatengeneza kitu bila sampuli."

Lilikuwa neno la utani, na Mbugua aliondoka na ngazi akiwa ameshalisahau. Nzioka halikumtoka. Alikata funguo siku nzima akilitafuna. Sampuli. Nani? Mwanamume aliyekaa na mkewe kutwa nzima, akaenda naye kortini, akajua viatu vyake, alikuwa mmoja tu.

Kesho yake alifunga duka adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa mazishi, akapanda mpaka ofisini kwa wakili Gichuru. Alichagua saa ambayo alijua Kanyiva yuko mahakamani. Gichuru alikuwa mtu mnene, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, anatafuna njugu.

"Mzee Nzioka, karibu. Mama hayuko, lakini hatakawia."

"Nimekuja kwako, wakili."

"Ni maneno ya shamba?"

"Ni ya kitabu."

Gichuru akaacha kutafuna. Aliinuka, akafunga mlango. "Umekuja kwa sababu ya Musembi," alisema.

Nzioka alikuwa ameyapanga maneno yake njiani, na sasa hayakuwa na pa kuanzia.

"Nitakuambia kitu na kibaki hapa ndani," alisema Gichuru. "Mimi pia nilifikiri ni mimi. Wateja walinitania, na nikaona, kwani haiwezekani? Mimi si husikiliza watu? Basi nikamuuliza. Akaniambia kwa heshima zake zote, hapana, wakili, wewe ni yule hakimu anayesinzia."

Nzioka alitamani kucheka, lakini aliuona uso wa mwenzake. Lile jibu lilikuwa limemuuma, na bado lilikuwa linamuuma. Wakakaa hivyo, wanaume wawili wazima, bakuli la njugu katikati yao.

"Sasa ni nani?" aliuliza Nzioka.

"Ukimjua, niambie," alisema Gichuru.

Jumamosi ya wiki hiyo chama kimoja cha wasomaji kilikuwa kimemwalika Kanyiva kwenye mkahawa mmoja wa ghorofani pale Adams Arcade, wamjadili akiwepo. Kanyiva hakutarajia mumewe aje. Jumamosi ndiyo siku ya duka. Asubuhi alimkuta sebuleni anapiga shati pasi mwenyewe, anapita juu ya kola mara ya pili na ya tatu. Akajua watakwenda wote.

Walikuwa watu kama ishirini, meza zimeunganishwa. Aliyekiongoza kikao ni msichana aliyeitwa Cate, mchangamfu, nakala yake imejaa vikaratasi vya rangi. Kijana mmoja aliyesomea sheria alisema hakuna hakimu ambaye angeruhusu ushahidi wa sura ya mwisho. Mama mmoja mtu mzima, Mama Kaindi, akamjibu kwamba yeye hakusoma ili akafanye mtihani, alisoma akamlilia mpishi. Mwingine alitaka kujua kwa nini mtoto wa tajiri hakuitwa kortini. Kanyiva alijibu kwa sauti ndogo, lakini macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Nzioka, aliyekaa karibu na mlango, hakukumbuka aliyaona lini mara ya mwisho. Hilo pekee lilimchoma. Watu hawa asiowajua, kwa chai ya mara moja, wamempata mkewe aliye macho.

"Sasa tuje kwa Musembi," alisema Cate, na meza yote ikachangamka. "Mwandishi, hapa tuko peke yetu. Ni nani?"

"Ni mtu wa hadithi," alisema Kanyiva.

Wakacheka, hawakuamini. Nzioka akajikuta amesimama.

"Mimi naona huyo mtu ni uongo," alisema. "Hachoki, haumwi kichwa, haitwi na wateja. Anasikiliza kwa sababu hakupewa kazi nyingine. Hata mimi, mtu akiniandika, nitasikiliza."

Kanyiva alitazama kikombe chake.

"Na wewe ni nani, samahani?" aliuliza Cate.

"Ni bwana wa mwandishi."

Watu wakaanza kutafuta vijiko. Ni Mama Kaindi aliyemgeukia, bila ukali. "Kitabu umekimaliza, baba?"

"Nimesoma za Musembi."

"Na za mpishi?"

"Bado."

"Basi kitabu hujakisoma," alisema yule mama. "Umefanya upelelezi."

Kicheko kikapita mezani. Kanyiva hakucheka, na Nzioka akaketi.

Kikao kilipokwisha waliteremka, wakatembea kando ya Ngong Road. Kanyiva alikuwa amebeba shada la maua alilopewa, kalilalisha mkononi kama mtoto. Mwishowe Nzioka akauliza alichokuwa amekibeba wiki nzima, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Mukai. Nani alikubebea viatu?"

Kanyiva akasimama. Ilimchukua muda kuelewa swali. "Siku ile?"

"Siku ile."

"Hakuna mtu. Nilitembea miguu mitupu mpaka barabara ya Tom Mboya, nikanunua malapa. Nilikuwa nimekupigia kwanza, kwa sababu dukani si mbali. Ukaniambia una wateja."

Nzioka alijaribu kukumbuka simu hiyo. Hakuikumbuka. Simu za namna hiyo zilikuwa nyingi.

"Kwa hivyo ukaandika mwingine aje."

"Niliandika vile ningependa iwe. Nilikuwa na hasira, Baba Mukai, na kesho yake saa ya chakula nikaandika, hasira ikaisha. Angekuwa ni mtu, unafikiri ningemtangaza nchi nzima?"

Aliamini. Ndilo lililomshangaza, kwamba aliamini mara moja na bado wivu haukuondoka. Musembi angekuwa mtu wa kweli, Nzioka angemwendea, angemwambia neno. Huyu angemfanya nini?

"Na mimi niko wapi humo?" aliuliza.

Kanyiva alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa na hakimu. "Hauko," alisema.

Nzioka alimwonea Gichuru gere. Yeye angalau alikuwa amepewa usingizi wa hakimu.

Jumatatu akakianza kitabu upya, kuanzia neno la kwanza. Alikisoma dukani kati ya mteja na mteja, na nyumbani akakisoma wazi mezani, mkewe akimwona. Kanyiva hakumuuliza amefika wapi. Mara mbili alimkuta ametua kitabu magotini, anatazama ukuta. Mara moja, akiwa jikoni, alimsikia anamfokea mwendesha mashtaka.

Mwisho wa mwezi, kwenye lile kundi la wasomaji, kulitokea maoni mapya. Kanyiva aliyasoma akiwa ofisini, kisha akayasoma tena.

"Mimi ni Nzioka wa River Road, bwana wa mwandishi. Nimesoma kitabu chote. Musembi simpendi na sitampenda. Mpishi nimempenda sana. Pale anapomwimbia yule mtoto jikoni na anajua kesho atashikwa, nilishindwa kuhudumia wateja. Sura za kortini si ndefu. Mwalimu aliyesema ni ndefu azisome tena polepole. Mama aliyeniuliza kule Adams, nimemaliza."

Majibu yaliyofuata yalikuwa mengi kuliko aliyowahi kupata mwandishi mwenyewe. Wanaume waliokuwa kimya siku zote walijitokeza, mmoja baada ya mwingine, wakasema nao hawampendi Musembi, kwao nyumbani amewaharibia. Mama Kaindi aliandika, "Asante, baba. Sasa tunaweza kuzungumza." Mwalimu mstaafu aliahidi kurudia. Na wanawake kadhaa walimsifu Nzioka kwa ukweli wake, mmoja akiuliza kama ana kaka.

Kanyiva hilo nalo halikumpendeza. Jioni alimuuliza mumewe, akijifanya hajali, kama amejibu yule wa kaka.

"Sijamjibu," alisema Nzioka, na alionekana kuridhika kupita kiasi.

Sasa Kanyiva anaandika kitabu cha pili. Jumapili, wakitoka kanisani, humsomea mumewe ukurasa mmoja au miwili sebuleni, na Nzioka husikiliza ameinamisha kichwa, bila kufungua televisheni. Hajui kusifu. Huuliza maswali tu, mengi kuhusu kesi, na Kanyiva amekubali kwamba mengine ni ya maana.

Jumapili iliyopita aliingiza mtu mpya, dereva wa gari la magereza, anayewapa mahabusu maji kupitia dirisha. Nzioka aliinua kichwa.

"Huyo dereva ameoa?"

"Bado sijaamua," alisema Kanyiva.

"Amua mapema," alisema Nzioka, akamwashiria aendelee kusoma.