Kichwa Kilichogoma Asubuhi

Shemeji yangu Bariki hajui kutania. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichosha miaka sita. Mtu amemwoa dada yangu Leonida, tunakaa nyumba moja hapa Katubuka, mjini Kigoma, kila asubuhi namchokoza kama ilivyo haki ya shemeji yeyote, naye ananijibu kama anayejibu barua ya ofisini. Nikimwambia Wapare wana mkono wa birika, ananiuliza nahitaji nini. Nikimwambia amenenepa, anakwenda kujipima, kisha anarudi kunijulisha kwamba hapana, uzito ni uleule.

Ni afisa vipimo, alihamishiwa Kigoma kutoka Same. Ndiye anayepita masokoni kukagua mizani, na akikuta sado ya dagaa imebonyezwa kitako ili ibebe kidogo, anaondoka nayo. Akina mama wa sokoni wakimwona kwa mbali wanakohoa ili kupeana habari. Nyumbani napo ni hivyohivyo. Chupa ya asali ina mstari wa kalamu pale ilipoishia jana. Chupa ya dawa ya kikohozi ina mstari. Mimi mwenyewe nilihofia iko siku nitaamka nina mstari.

Basi, mtu wa namna hiyo akapata ugonjwa wa treni.

Mwaka juzi daktari mmoja Mjerumani alikuwa anarudi kwao, akauza vyombo vyake. Watu waligombania friji na magodoro. Shemeji alirudi na sanduku la mbao lenye treni ndogo: reli nyembamba kama njiti, mabehewa, na vichwa sita vya treni, kila kimoja kinaenea kiganjani. Nikasema, "Mungu wangu, mzee mzima amenunua midoli." Akanijibu bila kucheka kwamba si midoli, ni mfano, na kila kitu mle ndani kimepunguzwa mara themanini na saba sawasawa, hata ngazi ya dereva. Kesho yake alichukua futikamba akaenda stesheni kupima behewa la kweli, mpaka mlinzi akamuuliza kama anataka kulishonea suti. Alirudi na huzuni. Mabehewa yetu hayakuingia kwenye hesabu ya Wajerumani.

Vichwa vyote sita vilikuwa vimekufa. Kila jioni akitoka kazini alikaa na miwani yake na kibanio cha nyusi cha Leonida, anafungua kimoja, anapanga skrubu kwenye sahani nyeupe kwa mpangilio zilivyotoka, anasugua meno ya gia kwa mswaki uliochakaa. Ndani ya mota kuna vipande viwili vidogo vya kaboni vinavyopitisha umeme, na vilikuwa vimelika. Kwa kuwa Kigoma huwezi kuvipata, alipasua betri kuukuu za tochi, akatoa ule ujiti mweusi wa katikati, akausugua kwa tupa mpaka ukatosha. Kimoja kimoja, vichwa vitano vikafufuka. Cha sita, cheusi, chenye dohani na magurudumu manane, kilimchukua miezi minne. Siku kilipotembea shemeji alisimama, akapiga kofi moja, akakaa.

"Hata ukicheza kidogo hatutamwambia mtu," nilimwambia.

"Ndiyo, shemeji."

Reli ilitandazwa kwenye meza ya chakula. Awali alitaka kuifanya duara, Leonida akamkatalia: Kigoma ni mwisho wa reli, treni ikifika hapa isimame kama treni nyingine. Kwa hiyo upande mmoja ulikuwa Kigoma, na stesheni ya boksi la viatu, na upande wa pili Uvinza, na kilima cha chumvi halisi, maana Uvinza ni chumvi. Sisi tukawa tunakula sahani zikiwa mapajani.

Sasa nikiri dhambi yangu. Mimi ni fundi cherehani, mashine yangu iko barazani. Shemeji alikuwa na kichupa cha mafuta ya cherehani kwa ajili ya vichwa vyake, anakiweka juu ya friji, na mstari wa kalamu kama kawaida. Mafuta yangu yalipokwisha nikachovya ya kwake. Nikachovya tena. Siku moja nikatazama, kichupa kilikuwa kinakaribia kukauka na mstari uko juu kule, unanitazama. Nilishikwa na woga wa kijinga. Jikoni kulikuwa na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, mama yetu anayapikia sabuni kule Kidahwe. Kwenye joto ni meupe maangavu, huwezi kuyatofautisha na mafuta ya cherehani. Nikajaza mpaka kwenye mstari, nikarudi kushona sare za kwaya nikiwa na amani kamili.

Nilichosahau ni kitu anachokijua kila mtoto wa Kigoma: baridi ikipiga, mise inaganda kama mshumaa.

Ukaingia mwezi wa sita, asubuhi zikawa za kujifunika. Shemeji akiamka, kabla ya kwenda kazini, huwasha umeme wa reli ili kile cheusi kiende Uvinza na kurudi mara moja. Kikagoma. Kinaunguruma kwa ndani, hakisogei. Jioni akirudi, nyumba imepata jua mchana kutwa, anakiwasha ili ajue ugonjwa, kinatembea vizuri kabisa. Akikifungua, mafuta yameshayeyuka. Kichupa nacho, juu ya friji penye joto, hakikuganda hata siku moja. Jumamosi ndiyo siku yake ya kwenda mwaloni, kule ziwani samaki wanakoshushwa, kukagua mizani, harudi mpaka mchana, na Jumapili asubuhi tuko kanisani. Yaani ubaya ulijipanga wenyewe.

Akaanzisha daftari. Alisingizia umeme mdogo wa asubuhi, akasingizia kutu, akasingizia upepo wa ziwani. Alibadilisha kaboni mara tatu. Na kila alipomaliza aliweka tone jipya kutoka kwenye kile kichupa, kwa uangalifu, kwa ncha ya sindano yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza nilicheka nikiwa nimejifunika uso na kitambaa cha mteja. Wiki ya tatu nilimhurumia, kweli nilimhurumia, lakini kadiri siku zilivyokwenda mdomo ulizidi kuwa mzito. Nilijaribu kupitia pembeni.

"Shemeji, labda ni baridi tu."

"Kimetoka kwenye theluji, shemeji. Hakiwezi kuogopa Katubuka."

Ndipo Leonida akatangaza kwamba mama anakuja kutibiwa macho na atakaa wiki mbili. "Mama yangu hatashika sahani mapajani kama yuko msibani," alisema. "Jumamosi saa mbili, kabla ya chai, utamwonyesha hiyo treni yako. Ikitembea akaipenda, tutatafuta meza nyingine. Isipotembea, inarudi kwenye sanduku, na sanduku linakwenda stoo kwa mwenye nyumba. Kwa panya."

Saa mbili asubuhi. Shemeji hakubisha, akaomba ruhusa ya kutokwenda mwaloni siku hiyo. Lakini Ijumaa nilimwona ameinama mezani, anafuta vumbi kwenye paa la stesheni ya Kigoma kwa kidole, taratibu, na roho ikaniuma. Niliamua kukiiba kile kichwa nikakisafishe kwa mafuta ya taa. Sikukikuta. Alikuwa amekitia mfukoni.

Mama yetu, Veneranda, alifika Jumamosi mapema, na kikapu na miche ya sabuni. "Mwakeye," akatusalimu sote kwa Kiha. Shemeji akamwamkia kutoka mlangoni, mbali, macho chini, maana kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana mpaka inakuwa kero. Hawaketi mkeka mmoja wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Kwa Mpare huyu, sheria zote za Kiha zilikuwa sheria za nchi, na alizifuata kuliko sisi wenyewe.

Mama akakalishwa upande wa Uvinza. Shemeji akawasha umeme.

Kikaunguruma. Hakikusogea hata upana wa kucha.

Alizima, akawasha, akazima. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Leonida, bila ukatili, akaanza kuokota mabehewa na kuyapanga kwenye sinia. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, nikakohoa kama mama wa sokoni.

"Nipeni hicho kidude," mama akasema.

Leonida akampa. Mama haoni vizuri, kwa hiyo alikipeleka puani. Akanusa dohani, akanusa tumboni kwenye gia. Kisha akageuza uso pole pole kutazama upande wangu, na sijui anaonaje na macho yale, lakini aliniona.

"Kina baridi," akasema. "Kama mtoto aliyelala nje."

Akafungua kanga, akakitumbukiza kifuani, akafunga kanga, akaomba chai.

Shemeji aligeukia ukuta haraka kama aliyepigwa na umeme wa reli yake. Ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, akaisoma. Alisoma Januari mpaka Desemba. Mama alikunywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, akauliza habari za mvua za Same, na shemeji akaijibu kalenda kwamba mvua zilikuwa za wastani. Mimi niliuma upindo wa gauni langu.

Mama alipomaliza alikitoa, akaniagiza nikiweke relini na mabehewa yake nyuma. "Mkwe, washa." Shemeji akawasha bila kugeuka. Na kichwa cheusi, kikiwa na joto la mama yetu, kikang'oka Kigoma kikavuta mabehewa matatu mpaka kwenye kilima cha chumvi bila kusita. Aliusikia mlio wake, ndipo akageuka, na macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Meza hii msiiguse," mama akamwambia Leonida. "Mimi nimekula sahani ikiwa mapajani tangu nizaliwe."

Jikoni alinishika sikio.

"Erica. Mise."

"Ndiyo, mama."

"Umemtesa mtoto wa watu. Sasa utakipasha moto wewe, kila asubuhi, hapo hapo nilipokiweka mimi. Mpaka siku utakayomwambia kwa mdomo wako."

Ungedhani ningemwambia siku ileile. Sikuweza, nikamwambia tu kwamba mama ameniagiza niwe nakipasha moto. Mama alimaliza wiki zake mbili akarudi Kidahwe, mimi bado naamka saa kumi na mbili, nachukua kichwa cha treni mezani, nakitia kifuani, nakwenda barazani kushona. Wateja walinipima kwa macho. Mmoja, Anésie, Mrundi anayenishonesha vitenge, aliniuliza kwa upole kama nimekwenda hospitali kuangaliwa hicho kivimbe. Saa moja na nusu shemeji anakuja na kisosi, anatazama pembeni kwa heshima.

"Kimepata moto, shemeji?"

"Kimepata."

Nami nakiweka kwenye kisosi, anakwenda nacho kama anabeba ekaristi.

Wiki iliyopita nililala nikapitiliza. Nilikuwa na magauni ya arusi. Naamka, saa moja imeshapita, kichwa kiko relini baridi kama jiwe la kisimani. Bafuni maji yanamwagika, shemeji anaoga. Nikasema, acha nijaribu, labda Mungu atanihurumia. Nikawasha.

Kikachomoka. Kilikwenda Uvinza kwa kasi hata kikaiparamia chumvi.

Nikasimama pale kama niliyepigwa kofi. Kando ya kilima cha chumvi lilikuwa lile daftari, na sikuwahi kulifungua, kwa sababu nani anafungua daftari la afisa vipimo? Nikalifungua. Mwandiko umenyooka kama rula.

"Jumamosi. Mama amenusa, nami nimenusa kichupa. Ni mise. Jioni nimesafisha gia zote kwa mafuta ya taa, nimenunua mafuta mapya. Jumapili asubuhi kimejaribiwa kabla shemeji hajaamka. Kinatembea. Shemeji asiambiwe."

Chini yake: "Siku ya 1, shemeji amekibeba. Hajasema." Mstari mwingine: "Siku ya 2, amekibeba. Hajasema." Kurasa mbili nzima. Siku ya 9 aliongeza: "Anésie ameuliza kuhusu kivimbe. Nimeondoka barazani ili nisicheke." Mstari wa mwisho ulikuwa wa jana yake: "Siku ya 31. Hajasema. Naendelea."

Nilikaa chini kwenye sakafu. Miaka sita, jamani. Miaka sita namtupia utani kama ninayetupa mawe kisimani bila kusikia mlio, kumbe huyu mtu anajua kutania kuliko ukoo wetu wote. Nilicheka bila sauti mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, maana nilifurahi mno.

Maji ya bafuni yakakatika. Nikalifunga daftari, nikakinyakua kichwa kutoka kwenye chumvi, nikakitia kifuani kikiwa baridi kama sangara wa kwenye barafu, nikakimbilia barazani kwenye mashine yangu.

Alikuja na kisosi chake.

"Kimepata moto, shemeji?"

"Bado kidogo," nikasema. "Leo kina baridi sana. Labda kesho nikibebe mara mbili."

Aligeukia ukuta kwa heshima kama siku zote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.