Mikono Nyuma Mbele ya Sumaku

Kule Mazingara watoto wetu wa chekechea walifundishwa adabu ya safari wiki nzima kabla ya kufundishwa sayansi yenyewe. Mwalimu wao alisema makumbusho ya sayansi ya Korogwe ni mahali pa heshima, na mimi, mzazi msindikizaji mwenye kiherehere changu, nikamuunga mkono. Mkifika, mikono nyuma. Waliimba hivyo mpaka wakaota.

Binti yangu alikuwa na swali moja tu: sumaku inaweza kuvuta pini ukiikinga kwa kiganja? Aliniuliza nikisonga ugali, akaniuliza nikifua. Sikujua. Nikamwambia, mwanangu, utajaribu huko huko.

Tukafika. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa: GUSA, JARIBU. Msimamizi, dada mpole, akawaita watoto kwenye meza ya sumaku na pini. Wakasogea, mikono nyuma. “Shikeni basi,” akawabembeleza. Wakamtazama mwalimu. Mwalimu akakohoa, na kwetu kila mtoto anakijua kikohozi hicho. Hakuna aliyeshika kitu.

Basi wakubwa tukawasaidia kujifunza. Mwalimu akazungusha gurudumu la kuwasha taa. Mwenyekiti wa kamati ya shule akapiga kengele, akarudia, akaomba apigwe picha. Mimi nikachungulia kwenye kioo cha kukuza, nikaona vinyweleo vya mkono wangu, jamani, nikasahau nimekuja na nani. Watoto walisimama mikono nyuma wakitutazama tunavyofaidi elimu yao.

Nilipozinduka, mwalimu alikuwa anasifu nidhamu yao na kuwahimiza warudi garini. Hasira zilinipanda. Tumetoka Mazingara alfajiri, na swali la mwanangu linarudi nyumbani vilevile lilivyokuja!

Nikamtafuta. Alikuwa ameegemea meza ya sumaku, kidevu juu, mikono nyuma kama alivyoagizwa, ametulia kupita kiasi. Mwalimu akamnyooshea kidole. “Mwigeni huyu,” akawaambia wenzake.

Nikazunguka nyuma ya meza. Mkono mmoja ulikuwa umekamata sumaku na kuibana kwenye mgongo wa mkono wa pili. Kwenye kiganja cha mkono huo wa pili pini zilikuwa zimenasa, zinaning'inia. Alijua ni mimi.

“Inavuta, mama,” akanong'ona bila kugeuka. “Lakini sijaiona.”

“Lete mikono mbele,” nikamwambia kwa sauti, na mwalimu akaanza kukohoa.