Siku Mama Alipomwaga Maji

Kila ninapoosha dagaa, harufu yao ikipanda jikoni, mkono wangu husahau kufunga bomba.

Tulitoka kijijini alfajiri, akina mama wa kwaya na mimi mtoto pekee, nyuma ya lori lililokuwa linashuka tupu kwenda Ujiji. Njia nzima mama alibana dumu la maji ya kunywa katikati ya magoti. Kwetu kisima kilikuwa bondeni kabisa. Ukimwaga hata kikombe kimoja, ulirudi kuteka mwenyewe.

Tulipita sokoni kwenye mawese na vitenge, na baada ya kibanda cha mwisho nchi ikaisha. Mbele yalikuwa maji tu, na ng'ambo milima ya Kongo imefifia kama moshi. Akina mama wakashikana mikono, wakasogea hadi ukingoni.

Dada mmoja aliyekuwa anaanika dagaa mchangani akaliona dumu letu, akacheka.

"Karibuni mama zangu. Mmeliletea ziwa maji?"

"Kwani haya yananyweka?" mama akauliza.

"Tunakunywa, tunapikia, tunaoga."

Mama akavua kandambili, akaingia hadi magotini, akaonja kwa kiganja. Kisha akachota kwa mikono yote miwili, akayarusha juu, yakamwangukia kichwani. Akachota tena.

"Mama, unayamwaga!" nikapiga kelele.

Hakunisikia. Alikuwa anacheka kama msichana, nami nimesimama ukingoni, nimelikumbatia dumu, nikichunga lisimwagike hata tone.